Shajara ya Mark II JZX90: kubadilisha giaboksi ya otomatiki, Mbeya

Mwisho wa Mei

Naanza na gari lenyewe ili anayesoma ajue tunazungumzia nini. Ni Toyota Mark II JZX90, kizazi kilichotoka kati ya 1992 na 1996. Injini ni 1JZ-GE, silinda sita kwa mstari, sisi 2,491, haina tabo. Tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Giaboksi ni A340E ya Aisin, otomatiki ya gia nne, na gia ya nne ndiyo ile ya O/D (overdrive, gia ya mwendo mrefu). Chaser na Cresta za miaka hiyo ni ndugu zake wa damu, kwa hiyo mengi nitakayoandika hapa yanawahusu wenye hizo pia.

Dalili ni hizi. Asubuhi gari likiwa baridi halina shida kabisa. Likishapata moto, hasa likitoka Mbalizi kupanda Iwambi kuja mjini, mambo mawili hutokea. Kwanza, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inapiga kelele na mshale wa mizunguko unaruka juu, halafu ndipo gia inashika kwa kishindo. Pili, ukiweka R unasubiri. Kitabu cha Toyota kinataka kutoka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R isizidi 1.5. Yangu ya D iko ndani ya kiwango. Ya R inavuka mbali, mpaka mtu wa nyuma anapiga honi.

Hizo dalili mbili zikae pamoja kichwani, maana zina jambo la kusema. Ndani ya A340E kuna klachi ya mbele, C1, inayofanya kazi gia zote za kwenda mbele. Kuna na C2, ambayo inashika gia ya tatu, ya nne na rivasi. Gari linaloondoka vizuri kwa D lakini linateleza likiingia ya tatu na kuchelewa rivasi, mshukiwa wa kwanza ni C2.

Juni, mwanzo

Kila niliyemuuliza hapa mjini alisema "solenoidi hiyo, kaka, badilisha", yaani vali ndogo ya umeme ndani ya giaboksi. Inawezekana, lakini kujua ni bure na hakuchukui hata dakika kumi, kwa hiyo sikununua kitu kwa kubahatisha.

Kwenye JZX90 kuna kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, kimeandikwa matundu yake. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kikiwa kimewashwa, halafu unaangalia taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa kasi moja, kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, haioni tatizo la umeme. Ikihesabu 62 ni solenoidi namba moja, 63 namba mbili, 64 ni ile ya kufunga konveta (bakuli la mafuta linalounganisha injini na giaboksi), 42 na 61 ni sensa za mwendo. Yangu ilipepesa mfululizo. Hakuna namba ya kosa. Umeme upo salama, ugonjwa uko kwenye chuma au kwenye presha ya mafuta.

Kabla ya kuhukumu giaboksi nikatazama kebo ya giaboksi pale kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), kwa sababu ikilegea, presha ya ndani inashuka na klachi zinateleza hata kama diski ni nzima. Ilikuwa sawasawa.

Basi tukafungua sampu, beseni la mafuta chini ya giaboksi, kwenye gereji ya Mzee, pale Soweto. Mzee huyu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, ameshika otomatiki tangu zilipoanza kuingia kwa wingi, na anazungumza kidogo sana. Mafuta yalitoka meusi, yananuka kama maharage yaliyoungulia chunguni. Sumaku za sampu zikiwa na uji mwembamba wa kijivu huo ni uchakavu wa kawaida. Zangu zilikuwa na tope zito, na chini ya sampu kulikuwa na vipande vyeusi, laini, unavisugua kwa kidole vinaacha rangi. Hizo ni nyuzi za diski za klachi. Mzee alichukua kimoja, akakipeleka mwangani, akasema, "Mwanangu, hii imekwisha kula chakula chake."

Juni, wiki ya pili

Kutengeneza au kubadilisha nzima? Nimelifikiria hili sana, na najua wapo watakaonipinga. Kutengeneza A340E kunahitaji diski zote, sili zote, mabushi, na mtu mwenye mahali pasipo vumbi pa kuipangua. Diski tungeagiza na kusubiri. Na konveta je? Ile haifunguliwi hapa. Imechomelewa, na uchafu wote uliopita kwenye mafuta umelala ndani yake. Nikaamua kutafuta giaboksi kamili ya mtumba, yenye konveta yake.

Sikukubali kununua kwa picha ya simu. Nilipanda basi mpaka Dar es Salaam nikaitazama kwa macho yangu, na ninawaomba wenye magari wa mikoani wafanye hivyo au wamtume mtu anayejua. Muuzaji wa kwanza alisema yake "imejaribiwa", lakini haikuwa na konveta, na mdomo wa mbele ulikuwa mkavu kabisa kama uliopigwa petroli ukasafishwa ili upendeze. Nikaondoka.

Niliyoichukua ilitoka kwenye Chaser yenye injini hiyo hiyo, nayo ilikuwa bado na mafuta ndani. Hilo ndilo ninalolipenda, kwa sababu mafuta yanasema ukweli. Nilichovya kitambaa cheupe kwenye bomba la dipstiki: mafuta yalikuwa ya kahawia yenye wekundu, hayanuki kuungua. Nikachomoa konveta na kupitisha ukucha kwenye shingo yake, pale sili ya pampu inapokaa. Ukucha haukukwama popote. Shingo yenye mfereji itavujisha hata uweke sili mpya kila mwezi. Nikamwomba muuzaji anifungulie sampu. Alinuna, ila alifungua. Sumaku zilikuwa na uji mwembamba tu. Mwisho nikaweka mita ya umeme kwenye plagi ya solenoidi, kila moja kwa zamu. Kipimo cha Toyota ni omu 11 hadi 15, na zote tatu zilikuwa humo.

Ikapakiwa kwenye lori la mzigo linalopanda Mbeya, imefungwa kwenye tairi la zamani ili isigonge.

Juni, wiki ya tatu: kushusha

Baridi ya Mbeya mwezi huu haina mzaha, na kulala chini ya gari kwenye sakafu ya saruji kunaingia mpaka kwenye mifupa. Tulikuwa watatu: Mzee, kijana wake, na mimi.

Betri ilitolewa kwanza. Propela shafti iliwekewa alama ya rangi kwenye flanji ya difu na pale inapoungana katikati, ili irudi vilevile ilivyokuwa. Ukiigeuza, gari litatetemeka kwenye kilomita 80 na utaanza kulaumu giaboksi isiyo na kosa. Mkia wa giaboksi ulizibwa kwa mfuko wa plastiki na raba. Bomba la mbele la ekzosi likashuka, stata ikatoka, plagi zote za waya zikaandikwa kwa karatasi ya gundi.

Boliti sita za konveta zinafikiwa kupitia tundu dogo lenye kifuniko chini ya giaboksi. Unaweka spana ya 22 kwenye boliti ya mbele ya kranki, unazungusha mpaka boliti moja ije tunduni, unafungua, unazungusha tena. Kazi ya uvumilivu. Boliti za juu za kuunga giaboksi na injini ndizo zinazowatoa watu machozi. Mzee ana mbinu yake: akishafungua maunting ya nyuma, anashusha mkia wa giaboksi taratibu kwa jeki mpaka injini inalala kidogo kwa nyuma, halafu anapitisha racheti yenye viungio virefu juu ya giaboksi, toka nyuma kabisa. Boliti zilifunguka kama vile ziliwekwa jana. Kijana wake alikuwa mbele muda wote akichunga feni isiguse rejeta.

Giaboksi hii pamoja na konveta inazidi kilo 70. Isishikwe kwa mikono na isikae juu ya jeki moja ya chupa. Tulitumia jeki ya kitoroli yenye ubao mpana, na gari lilikuwa kwenye stendi nne.

Ikiwa chini, tulikagua vitu ambavyo vikishafunikwa huvioni tena. Flaiwili ile nyembamba ya otomatiki tuliipitisha tochi kuzunguka matundu ya boliti, tukitafuta nyufa. Hakuna. Oili sili ya nyuma ya kranki tuliibadilisha bila kujadili, na kwenye giaboksi ngeni tukabadilisha sili ya pampu na ya mkiani. Bei ya sili tatu hizo ni ndogo mno ukilinganisha na kurudi chini ya gari.

Kitu kingine: gurudumu dogo la plastiki lenye meno, linalozungusha sensa ya spidi kwenye mkia wa giaboksi. Idadi ya meno inafuata difu ya gari lilikotoka. Ya Chaser ilikuwa na meno tofauti na yangu, kwa hiyo nikahamisha yangu. Difu na tairi havijabadilika, spidi itasoma ilivyokuwa.

Juni, mwishoni: rejeta

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo giaboksi nyingi za pili zinapofia.

Mafuta ya giaboksi yanapozwa ndani ya tenki la chini la rejeta. Yanatoka kwa bomba moja la chuma, yanapita kwenye kijibomba ndani ya maji ya rejeta, yanarudi kwa bomba la pili. Giaboksi ikiungua, uchafu wote ule wa diski unapita humo na sehemu yake inabaki. Ukiunga giaboksi nyingine bila kusafisha, siku ya kwanza tu unaisukumia taka za marehemu. Nimeona watu wakibadilisha giaboksi mara mbili na kulaani mitumba, na hakuna aliyegusa rejeta.

Tulipiga mafuta ya taa kwa presha ya kompresa kutoka upande wa kurudia, kinyume cha mkondo, tukikinga kwa ndoo nyeupe. Mkupuo wa kwanza ulitoa maji ya kahawia. Wa pili ulitoa vipande, vilevile vyeusi vya kwenye sampu, vingine vimekunjamana kama majani ya chai. Tuliendelea mpaka ndoo ikawa safi, tukapuliza hewa tupu, tukamalizia kwa mafuta mapya ya giaboksi yasukume mafuta ya taa yaliyobaki.

Sasa suala la milima. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hapa inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu kwa sababu ya hewa nyepesi, kwa hiyo dereva anakanyaga zaidi kupata mwendo uleule. Ukikanyaga zaidi, gia zinachelewa kupanda na konveta inakaa muda mrefu bila kujifunga. Konveta isiyojifunga inateleza ndani ya mafuta, na kuteleza huko kote kunageuka joto. Ongeza lori lenye trela mbele yako kwenye mlima, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hewa haipiti kwenye rejeta. Mtu wa Dar hawezi kulijua hilo kwa gari lake la mjini. Sisi wa nyanda za juu tunalipata kila tunapotoka nyumbani.

Kwa hiyo nikaongeza kipoza cha nje, kidogo, mbele ya kondensa ya AC. Mafuta yanapita kwanza kwenye rejeta, kisha kipoza cha nje, kisha giaboksi. Nimeulizwa kwa nini nisiiruke rejeta kabisa. Kwa sababu ya asubuhi kama hizi: maji ya rejeta yakipata moto yanapasha mafuta haraka, na giaboksi baridi sana haifanyi kazi vizuri, kontroli boksi yenyewe inazuia O/D injini ikiwa haijapata moto. Mipira niliyotumia ni ya oili, inayohimili joto na presha. Mpira wa petroli wa kawaida utavimba na kupasuka njiani.

Julai, mwanzo: kupandisha

Konveta. Kabla ya kuipachika, tuliimwagia lita moja na nusu ya mafuta mapya ili pampu isianze ikiwa kavu. Kisha inaingia kwa hatua tatu: meno ya shafti ya ndani, meno ya stata ya ndani ya konveta (si ile stata ya kuwashia injini), halafu ndimi za pampu. Unaisukuma huku unaizungusha, inazama kidogo, unaizungusha tena, inazama, na mara ya tatu inazama zaidi na unausikia mdundo mzito wa chuma kupata mahali pake. Mzee alifumba macho akiizungusha. Alipousikia ule wa tatu alisema "ndaga" kimyakimya, asante ya kwao, akaweka rula ya chuma kwenye mdomo wa giaboksi kuhakikisha konveta imezama ndani ya ukingo.

Kipimo kingine ni hiki: giaboksi ikishagusana na injini pande zote kwa mkono, kabla ya kukaza boliti, konveta lazima izunguke yenyewe na iache nafasi ndogo kati yake na flaiwili, uivute mbele ndipo uifunge. Ikiwa imebanwa na mdomo haujakutana, usikaze boliti kuuvuta. Utavunja pampu kabla hujawasha gari.

Mengine yalirudi kwa kinyume cha yalivyotoka, hayana hadithi.

Kebo ya giaboksi ilichukua muda mwingine wa makini. Kijana alikanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa, kapeti likiwa limetolewa. Throto ikiwa wazi yote, umbali kati ya mwisho wa raba ya kebo na kile kishikizo kidogo kilichobanwa kwenye waya wake unatakiwa uwe kati ya sifuri na milimita moja. Ikiwa imelegea, presha inashuka na klachi zinateleza. Ikiwa imekaza, presha inazidi na gia zinaingia kwa kishindo. Wapo mafundi wanaoikaza makusudi ili gari "livute". Sikubaliani nao.

Mafuta ni Dexron III. Tuliweka lita nne, tukawasha, tukapitisha mkono wa gia kila mahali mguu ukiwa kwenye breki, tukaongeza kidogo kidogo. Kipimo cha mwisho kinasomwa mafuta yakiwa na nyuzi 70 hadi 80, injini inawaka, kwenye alama ya moto ya dipstiki.

N kwenda D: chini ya sekunde moja. N kwenda R: sekunde moja hivi. Nilirudia mara kadhaa kwa raha tu.

Julai, katikati

Barabara ya Tukuyu. Kutoka Uyole mpaka Isongole ni kupanda, na baridi ya upande wa Rungwe inasaidia kidogo. Ya pili kwenda ya tatu inaingia bila kusikika. Nikiwa kwenye kupanda kwa taratibu nazima O/D, kwa sababu ikiachwa inahangaika kati ya ya tatu na ya nne, na kila kuhangaika ni joto. Kuteremka kuelekea Kiwira nimezima O/D vilevile, ya tatu inashika gari na breki zinapumzika.

Kulikuwa na unyevunyevu kwenye kiungio kimoja cha mpira wa kipoza. Tulikaza klipu, pakakauka.

Agosti

Nilikuwa na safari ya Morogoro, na kurudi kwake ndiko nilikokungoja: Kitonga. Kutoka Mahenge chini hadi juu kuelekea Ilula, kona juu ya kona, mchana, nyuma ya malori mawili yaliyofuatana. Hakuna pa kupita na hupaswi kujaribu. Niliweka 2, nikaacha nafasi, nikapanda mwendo wa malori.

Juu nilisimama mahali pana pembeni nikapima sampu kwa kipimajoto cha kuelekeza: nyuzi 94. Joto la ndani linazidi kidogo hilo la chuma cha nje, lakini bado ni joto ambalo mafuta haya yanalivumilia. Niliingiza R pale pale, mafuta yakiwa ya moto kabisa. Ilishika mara moja.

Yaliyobaki: senta bearing ya propela inanguruma kidogo kwenye kilomita 60, nimeagiza nyingine. Nitamwaga mafuta tena baada ya kilomita 1,000, kwa sababu ukifungua boliti ya chini zinatoka lita mbili hivi tu na nyingine zinabaki kwenye konveta. Nataka yale ya zamani ya Chaser yatoke kwa awamu. Sampu itafunguliwa siku hiyo, na sumaku nitazipiga picha niziweke hapa.